Yah: Mzee ninayemlea anataka kuuza bunduki zake zote

Habari za jioni ndugu zangu,

Naomba ushauri, na wa haraka. Kwa miaka miwili sasa namhudumia mzee wa miaka 86 hapa Marekani, mgane. Tangu ujana wake amekuwa akikusanya bunduki. Kwa hesabu yake zipo 43, nyingi kwenye makabati mawili ya chuma, chache chini ya kitanda. Mwezi ujao anahamia makao ya wazee, na huko silaha haziingii. Binti yake yuko jimbo jingine, hataki hata kuzisikia. Juzi mzee alinishika mkono akasema, "Nisaidie ziende kwa watu watakaozijali."

Sasa jirani amejitokeza. Anataka kuzichukua zote kwa mkupuo, fedha taslimu, Jumamosi hii. Mdogo wangu, aliye hapa kwa viza ya mwanafunzi, ana pikapu na amejitolea kubeba. Mimi nina grinikadi. Nianzie wapi?

----------

Yah: Yah: Mzee ninayemlea anataka kuuza bunduki zake zote

Dada yangu,

Kabla ya yote mpigie mdogo wako simu usiku huu, umwambie asikanyage hapo Jumamosi. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi akiwemo, kuwa na bunduki au risasi. Misamaha ipo, kwa mfano kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini ni michache. Na si lazima bunduki iwe mali yake. Kuipakia kwenye pikapu kunatosha, na hata kukaa na funguo za kabati kunaweza kuhesabiwa kuwa anayo. Kifungo chake kinafika miaka 15, na baada ya hapo ni kurudishwa nyumbani. Masomo yote ya kijana yaishie kwenye kubeba maboksi? Hapana.

Wewe mwenye grinikadi sheria hiyo haikukatazi, ila ukitiwa hatiani kwa kosa la silaha unaweza kuondolewa nchini vilevile. Kwa hiyo mzee abaki kuwa mwenye mali na muuzaji mpaka bunduki ya mwisho. Kazi yako iwe kalamu, simu na daftari.

Nilimsaidia mzee wa kanisani kwetu katika jambo hilihili, hivyo nakueleza nililoliona. Tulianza kwa kumwita fundi wa bunduki mwenye leseni azikague moja moja kama zina risasi. Mzee alituapia kwamba zote ni tupu. Mbili zilikuwa na risasi ndani ya chemba, tangu enzi ambazo mwenyewe hakuzikumbuka tena. Msiruke hatua hiyo.

Kisha orodha. Kiwanda, modeli, namba iliyopigwa kwenye chuma, picha za pande zote, na hadithi yake: aliipata wapi, mwaka gani, kutoka kwa nani. Sisi ilituchukua jioni tatu, maana kila bunduki ilikuwa na habari yake na mzee hakutaka kukatizwa. Mwache aseme, uandike. Tafuteni pia maboksi ya zamani, risiti, barua, karatasi za jeshi. Luger, bastola ya Kijerumani, ambayo namba za vipande vyake zinalingana na Luger iliyounganishwa kwa vipande vya kuokoteza haziuzwi bei moja hata kidogo. Kwa bastola za Colt za zamani, kampuni yenyewe hutoa barua kutoka kwenye kumbukumbu zake, kwa malipo, ikieleza bastola ilisafirishwa lini na kwenda wapi.

Na nakuomba sana, mtu asizing'arishe! Mjukuu mmoja wa mzee wetu aliichukua Winchester ya modeli ya 1873 akaisugua kwa msasa, akidhani anamsaidia babu. Ile rangi ya uzee kwenye chuma ndiyo wakusanyaji wanayoilipia. Mthamini aliigeuza mkononi mara mbili, akairudisha mezani bila neno. Uso wa mzee siku ile sijausahau.

Orodha ikikamilika mtaona zinagawanyika. Zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, kwa sheria ya shirikisho ni vitu vya kale na hazina masharti ya silaha za kawaida. Zilizofikisha miaka 50, wakusanyaji wanaweza kuzinunua kwa leseni yao maalumu, kwa hiyo wanunuzi wake ni wengi zaidi. Kundi la kuogopa ni rashasha. Wanajeshi wengi walirudi na silaha kutoka vitani, na baadhi hazikusajiliwa kamwe. Sheria ya 1934 ilitaka zisajiliwe, mwaka 1968 kukafunguliwa msamaha wa siku 30, na mlango ukafungwa. Rashasha isiyo na karatasi haiuziki wala haisajiliki leo, na kukaa nayo ni kosa. Mkiikuta, msiihamishe, msimpigie mnunuzi. Mpigieni wakili, yeye ndiye azungumze na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Iliyosajiliwa ihifadhiwe pamoja na karatasi zake, maana inauzika kihalali na kwa bei kubwa.

Kuhusu jirani. Simhukumu, huenda ni mtu mwema. Sheria ya shirikisho inaruhusu watu wawili wa jimbo moja kuuziana, ila majimbo kadhaa yanataka mauzo yote yapitie kwa muuzaji mwenye leseni ili rekodi za mnunuzi zikaguliwe, kwa hiyo ulizeni ya jimbo lenu. Kinachonisumbua ni haraka yake. Anayenunua 43 kwa mkupuo anaangalia tano sita alizokwisha kuzitambua, na zilizobaki anazichukua kama nyongeza. Mleteni mthamini ambaye mwenyewe si mnunuzi, mumlipe kazi yake, ndipo mjue mnakataa nini au mnakubali nini.

Baada ya hapo kuna njia mbili kubwa. Duka lenye leseni litanunua zote siku moja, kwa bei ya chini, kwa kuwa nalo linataka faida. Kampuni za mnada kama Rock Island Auction Company au Morphy huchukua kamisheni na fedha hukawia, lakini bunduki nzuri inagombaniwa na watu wanaoijua. Sisi tuligawa: nzuri kumi na moja mnadani, za kawaida dukani. Ningefanya hivyo tena.

Jambo jingine: mzee hahitaji leseni kuuza mkusanyo wake mwenyewe. Lakini mtu akizinunua kwake kwa bei rahisi ili aziuze kwa faida, hiyo ni biashara na inataka leseni. Usiingie humo hata akikusihi.

----------

Yah: Yah: Yah: Mzee ninayemlea anataka kuuza bunduki zake zote

Mwanangu,

Mwenzako kasema ya bunduki, mimi niseme ya fedha, kwani nimelea wazee miaka mingi. Mwambie msimamizi wako kazini leo, kwa maandishi. Binti yake aambiwe kila hatua, hata kama hataki kuzisikia. Hundi ziandikwe jina la mzee, ziende benki yake. Akikuambia "chukua hii bastola iwe ukumbusho", mshukuru na ukatae. Hata kama kakupa kwa moyo mweupe, kesho familia itauliza, na mzee huenda asikumbuke. Nimeona mlezi mwaminifu akipoteza kazi kwa saa ya mkononi tu.

Risiti alizonunulia zitunzwe, mhasibu atazitaka, kwa kuwa kodi hutozwa kwenye faida.

----------

Yah: Yah: Yah: Yah: Mzee ninayemlea anataka kuuza bunduki zake zote

Ndugu zangu, shikamoo mama,

Nimekawia kurudisha majibu. Jirani tulimwambia asubiri, akakasirika, kisha akaomba aitwe kwenye duka lenye leseni zitakapouzwa za kawaida. Akanunua mbili, kihalali. Mdogo wangu hakufika kabisa. Binti alikuja kwa ndege, akakaa wiki nzima. Kampuni ya mnada ilituma gari na watu wake wenyewe, wakasaini kila namba mbele ya mzee.

Rashasha hatukukuta. Tulichokuta ni makopo ya risasi na baruti kwenye gereji, na mnada hauzichukui. Duka lilichukua risasi zilizokuwa nzima, na kituo cha polisi kikapokea zilizooza baada ya sisi kupiga simu kwanza.

Moja haikuuzwa, shotgani ya baba yake. Anataka iende kwa mjukuu aliye jimbo la binti, na kwa kuwa ni jimbo jingine imetumwa kwa muuzaji mwenye leseni wa huko. Mjukuu atajaza fomu, rekodi zake zikaguliwe, ndipo akabidhiwe. Mzee ameniuliza mara nne kama imefika. Leo asubuhi wametupigia: imefika.