Laptopu ya rami 8, nataka kuchonga kreta ya Ngorongoro kwenye gemu: nitumie programu gani?

mchonga_kreta
Wakuu habari za jioni. Niko na kagemu kangu kwenye Godot 4 (injini ya bure ya kutengenezea magemu), mchezaji ni askari wa wanyamapori anazunguka ndani ya kreta ya Ngorongoro. Miti ninayo, wanyama ninao (wanatembea kama walevi lakini wapo), kilichonishinda ni ardhi yenyewe. Laptopu ni i5 ya zamani, rami 8, grafiki ni hizo za ndani ya prosesa. Hadi sasa nimegusa vitu vinne. Blender nimechonga kwa brashi siku tatu, umeme ukakatika na betri yangu ni jina tu, nikapoteza kazi ya siku nzima. Plagini ya Terrain3D (nyongeza ya Godot ya kutengeneza ardhi) nimeiweka, brashi zake tamu ila kuchonga kreta nzima kwa mkono naona ntazeeka. Gaea ya bure nimeifungua, inatoa milima mizuri mno lakini sio Ngorongoro, ni milima ya popote pale. Na World Machine nimeiangalia tu video. Nyie mnaotengeneza dunia za namna hii mnatumia nini, na kwa mashine kama yangu? Nawasilisha.

Nganya_Dev
Buda mi niko Nairobi, niko na injini ya Unity mwaka wa tano. Unity ina tereni yake ndani, huhitaji plagini yoyote, unaingiza faili ya miinuko ya RAW ya biti 16 yenye pikseli 513 kwa 513 ama 1025 kwa 1025 (hio moja ya ziada usiisahau, ikikosekana utaona mpaka kati ya vipande) alafu unapaka nyasi na mawe. Si uhamie tu? Hio Godot ya nini.

fundi_nodi
Kuhama injini kwa ajili ya mlima ni sawa na kuhama nyumba kwa sababu ya kitasa. Nganya kaka, mwenzio keshaweka wanyama.

Mkuu mleta uzi, mimi kazi yangu ni World Machine na Gaea, natengenezea watu mandhari. Hizi programu mbili hazichongi kwa mkono kama Blender, unapanga nodi (visanduku vya hatua unavyoviunganisha), moja inatoa umbo la mlima, inayofuata inaumomonyoa kama mvua imenyesha miaka elfu, inayofuata inatoa ramani ya wapi pakae mchanga na wapi jiwe. Nguvu yake ni hapo kwenye mmomonyoko, ukichonga korongo kwa brashi macho yanajua kabisa kuwa ni mkono wa mtu, maji hayakatagi ardhi hivyo. Kati ya hizo mbili mimi naipenda Gaea kwa mtu anayeanza, sura yake rafiki na matokeo unayaona haraka. World Machine ni ya siku nyingi, ina sura ya kizee lakini ukishaizoea unajua kila namba inafanya nini. Zote ni za Windows tu, kwa wale wa Linux poleni. Ya bure ya Gaea inaishia pikseli 1024 hivi kwa upande, watu wanailalamikia hiyo ila kwa mtu mmoja na gemu lake inatosha kabisa.

Sasa tatizo lako sio programu ya kuchonga. Wewe unataka mahali ambapo papo tayari. Usichonge Ngorongoro, ichukue.

binti_kibo
Ndo nilikuwa nakuja kusema hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa ramani, sio wa magemu, nimeingia humu kwa sababu ya mdogo wangu. Mwezi wa pili mwaka 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka siku 11 kikipima miinuko ya dunia kwa rada, data zake zinaitwa SRTM na ni za bure, kila pikseli ni kama mita 30. Ipo pia Copernicus GLO-30, hiyo ni mpya zaidi na miinuko yake ina desimali, SRTM inakuja kwa mita nzima nzima. Kama bando linaruhusu chukua Copernicus.

Piga hesabu kidogo. Kreta ina upana wa kilomita kama 18, gawanya kwa mita 30 unapata pikseli 600. Mia sita tu! Kwa hiyo ile hofu ya kikomo cha 1024 iondoe kichwani, data yenyewe haifiki hapo. Unafungua QGIS, programu ya ramani, ni ya bure na rami 8 inaibeba vizuri tu, unakata eneo lako, unabadilisha kutoka digrii kwenda mita (mfumo wa ramani wa UTM kanda 36 kusini, namba yake EPSG:32736), unatoa picha ya kijivu. Nyeupe ni juu nyeusi ni chini.

Kitu kimoja cha kujua, rada haikuona udongo penye msitu, iliona majani. Kwa hiyo ukingo wa kreta wenye msitu utakuja na vinundu vinundu, usidhani umekosea.

mzee_wa_gridi
Nachomekea tu maana naona hakuna aliyetaja. Sisi wa OpenSim (dunia ya mtandaoni ya kutembea na kujenga, ndugu yake Second Life) tunaishi kwenye viwanja vya mita 256 kwa 256, na pale hata programu huhitaji, unaandika kwenye konsoli terrain load halafu jina la faili, kisiwa kinaibuka. Ila epuka kupakia PNG, tumia .r32, miinuko inakaa na desimali zake. Faili la RAW la Second Life nalo ni kioja, lina chaneli 13 na urefu wa ardhi uko kwenye mbili za mwanzo, ya kwanza unaizidisha na ya pili halafu unagawanya kwa 128. Kiwanja kimoja faili lake ni baiti 851,968, likizidi au kupungua hata moja jua umekosea kuhifadhi. Vijana wa siku hizi mmekuta mambo rahisi.

Nganya_Dev
Mzee wa gridi 😂 hio kitu bado iko?

mzee_wa_gridi
Ipo na watu wamo. Njoo utembee.

mchonga_kreta
Binti_kibo nimekuelewa sana, asante dada. Nimefanya juzi usiku. Nimedaunilodi SRTM (bando la usiku), nimekata kwenye QGIS, nimetoa PNG ya biti 16, nimeiingiza kwenye Terrain3D. Matokeo mawili ya ajabu. La kwanza, kreta yangu imekuwa kisima. Sitanii, ni shimo refu jembamba kama mtu amechimba choo, ukisimama chini unaona anga kipande. La pili, kuta zina ngazi ngazi, kila hatua kama mita tatu na nusu, tembo wangu anashuka kama anashuka ghorofani. Brashi ya kulainisha nimepitisha mpaka kidole kinauma, ngazi zinapungua lakini na mabonde yanafutika. Tatizo la mashine yangu au?

fundi_nodi
Kisima nakijibu mimi. Umeingiza pikseli 600 na Terrain3D kwa kawaida yake inachukulia kila pikseli ni mita 1, kwa hiyo kreta yako ina upana wa mita 600 na kina cha mita 600. Hata mimi ningeita choo. Kuna sehemu inaitwa vertex spacing, pale ndo unaiambia kila pikseli ni mita ngapi. Ila usikimbilie kuweka 30, itakuwa na vipande vikubwa kama karatasi iliyokunjwa.

Na hapa ndo kuna uamuzi ambao hakuna programu itakufanyia. Kreta ya kweli ukisimama katikati ukuta uko kilomita kama 9 na urefu wake mita 600, hiyo ni nyuzi 4 hivi kutoka upeo wa macho. Kwenye skrini itaonekana kama ukuta wa shamba kwa mbali, na mchezaji akitaka kuufikia kwa miguu ni karibu saa mbili. Atafuta gemu. Mimi ningepunguza upana mara nne, kreta iwe kilomita 4 na nusu, na urefu nipunguze mara mbili tu, ubaki mita 300. Sio kipimo cha kweli lakini jicho litakubali.

binti_kibo
Inaniuma kama mtu wa ramani lakini yuko sahihi. Hata Kilimanjaro yenyewe, kutoka Moshi mjini mpaka Kibo ni kilomita kama 30 na unapanda mita elfu tano, wastani wake ni nyuzi kama 9 au 10 tu. Kila anayeichora anaichora kama kofia ya mchawi. Ukiiweka kwa vipimo halisi mtu anakuuliza mbona mlima wako umelala.

linux_na_chai
Ngazi ni hivi, na hili nimelihangaikia wiki nzima enzi zangu kwa hiyo sikiliza. PNG yako ni ya biti 16, kweli, lakini Godot ikisoma PNG inaisoma kama biti 8. Sio kosa la mtu, kwenye mwongozo wa Terrain3D wameandika wazi, mimi sikusoma. Biti 8 ni viwango 256. Wewe bila shaka ulitoa kuanzia mita 1600 mpaka 2500, hizo ni mita 900, gawanya kwa 256 unapata tatu na nusu. Ndo ngazi yako hiyo hiyo uliyopima kwa tembo. Biti 16 ni viwango 65,536, mita 900 zile zile kila hatua inakuwa sentimita na kitu. Kwa hiyo toa faili la aina ya EXR au R16, hayo hayakatwi kuwa biti 8, PNG achana nayo.

Afu kuna ngazi ya pili imejificha nyuma ya hiyo. SRTM si ni mita nzima nzima? Sakafu ya kreta ni tambarare, kwa hiyo hata kwenye R16 utaona vijistepu vya mita moja kule chini kama matuta ya mchicha. Dawa ni kuongeza pikseli ukiwa umeshahama kwenye desimali. Mimi situmii vitufe vya QGIS, nafanya kwenye tamino (dirisha la kuandika amri), amri ya kwanza inafanya kila pikseli iwe mita 8, ya pili inatoa R16:

gdalwarp -t_srs EPSG:32736 -tr 8 8 -r cubicspline -ot Float32 kreta.tif kreta8.tif

gdal_translate -of ENVI -ot UInt16 -scale 1600 2500 0 65535 kreta8.tif kreta.r16

Hiyo Float32 (namba zenye desimali) ndo roho ya jambo, ukiiacha inazungusha tena kwenye mita nzima na umefanya kazi bure. ENVI inatoa namba tupu bila mapambo, ndo R16 hiyo, kando yake kitakuja kifaili cha hdr usikitupe, ndani kimeandikwa upana na urefu wa picha na Terrain3D itakuuliza. Vertex spacing weka 2 badala ya 8, itaendana na ule mpango wa fundi wa kugawa kwa nne. Urefu unaugawa palepale kwenye kuingiza, badala ya 0 mpaka 900 unaandika 0 mpaka 450. Kitu kingine chochote kwenye eneo lako kilichozidi mita 2500 kitakatwa juu kama meza, kwa hiyo kata karibu na ukingo.

Nganya_Dev
Maze mambo ya tamino juu ya mlima. Mi nabaki na Unity yangu. Ata hivyo hio ya mita nzima sikuwa najua, nishawahi ona hizo matuta nikadhani ni tekscha.

fundi_nodi
Na ukishapata hiyo R16 safi ndo unaweza kuipitisha kwenye Gaea kidogo ukitaka, mmomonyoko mwepesi tu kwenye kuta uongeze mifereji ambayo mita 30 haikuiona. Usizidishe. Watu wanaiweka mpaka mwisho halafu kila mlima unafanana na biskuti iliyovunjika.

Blender nayo usiifute, kwa mawe, mapango na vitu vinavyoning'inia hakuna mbadala, ramani ya miinuko haijui pango, kila nukta ina urefu mmoja tu. Ila ardhi nzima usiiweke kama mesh (wavu wa pembetatu), pikseli 1024 kwa 1024 ni pembetatu karibu milioni 2 na zote zinachorwa hata zile za mbali usizoziona. Terrain3D inapunguza zenyewe kadri unavyokwenda mbali. Kwa grafiki za ndani ya prosesa hilo ndo linaamua gemu linacheza au linakwama.

mchonga_kreta
Wakuu mmeua. Nimekaa nayo Jumamosi yote. Ngazi hazipo kabisa! Kuta zimekaa, na ukisimama ukingoni asubuhi na ukungu kidogo niliouweka, aisee nilinyamaza. Laptopu inapiga feni kama jenereta lakini inabeba. Nilijaribu na Gaea kama fundi alivyosema, nikazidisha, nikapata biskuti, nikarudi nyuma. Kwa sasa naenda na QGIS kwa kuchukua, Terrain3D kwa kurekebisha, Blender kwa mawe tu. Kuna na programu ya kulipia rafiki yangu alinisukumia, sikuitaja, nayo nimeifuta.

Limebaki Ziwa Magadi, lile la ndani ya kreta. Nimeweka bapa la maji lakini linatokeza kwenye vibonde vingine vya sakafu, nina vidimbwi vitano ambavyo havipo duniani.

binti_kibo
Rada na maji hazipatani sana, sehemu za ziwa mara nyingi huja na makosa. Hapo ndo brashi ya mkono ina kazi. Chukua ile inayoweka urefu mmoja, ulinganishe na picha ya setelaiti, shusha eneo la ziwa kama mita moja, na vile vidimbwi pandisha sakafu kidogo tu. Ukingoni mwa ziwa usilainishe sana, pale ni chumvi na matope, si bwawa la hoteli.

mchonga_kreta
Imekubali dada. Sasa nimemwachia faru mmoja pale kandokando ya ziwa nione anavyotembea, nikaenda kunywa chai. Nimerudi yuko juu ukingoni kabisa, kapanda ukuta wote moja kwa moja kama mjusi. Nafungua uzi mwingine.