Dodoso au kukaa na watu? Jiko banifu Tukuyu

MtotoWaUyole: Wakuu, kampuni inataka kujua kwa nini majiko banifu, haya ya kuokoa kuni, hayanunuliwi huku Tukuyu, mi nimezoea madodoso, bosi kang'ang'ania etnografia, yaani kukaa na watu na kuangalia wanavyoishi, na video juu. Kuna la ziada kweli?

Nsalaga: Dodoso utajibiwa "zuri, tunalipenda", nani amvunje moyo mgeni? Kaa jikoni jioni mkuu, na baridi ile ya Juni, utaona moto hauivishi chakula tu, unapasha nyumba, na moshi unakausha mahindi ya darini yasiliwe na wadudu. Jiko lako linabana joto na moshi vyote, sasa wao wapone wapi?

Kihesa_1: Akina Wilson, wale wanaanthropolojia Godfrey na mkewe Monica, walifanya kazi hiyo ya kukaa na watu hapo Rungwe kati ya 1934 na 1938, na Kinyakyusa, lugha ya huko, wakakisoma. Wewe utapewa wiki lol

DadaMafinga: Kamera usiwashe siku ya kwanza, watu watatoa hadi vyombo vya kabatini. Jean Rouch, yule Mfaransa mtengeneza filamu za etnografia, alikuwa anawaonyesha walewale aliowapiga filamu waseme wanaonaje, jaribu hiyo. Ila ruhusa kwanza.

MtotoWaUyole: La mahindi sikuliwaza aisee, ngoja nimbane bosi anipe mwezi.