Jina la saisi liandikwe kwenye kijitabu cha mbio? Mjadala kuhusu Secretariat, Man o' War na waliowalea

MLETA MADA

Wadau, salaam kwenu. Hoja yangu naiweka mwanzoni ili anayetaka kunipinga asihangaike kuitafuta: kila kijitabu cha mbio za farasi, kile wanachopewa watazamaji uwanjani, kichapishe jina la saisi, yaani mtu anayemtunza farasi bandani, pale pale yanapochapishwa majina ya mmiliki, mkufunzi na joki, yaani mpanda farasi. Na sisi tunaopenda kusimulia habari za farasi wakuu wa zamani, tumtaje saisi kwa jina kila tunapomtaja farasi.

Nianze na farasi wa Marekani aitwaye Secretariat, maana ndiye anayejulikana na wengi. Tarehe 9 Juni 1973, mbio kubwa za Belmont, uwanja wa Belmont Park, New York. Yeye na mpinzani wake, farasi Sham, walitoka wakaenda shoti bega kwa bega, kwa kasi ambayo watazamaji hawakuamini kwamba farasi anaweza kuihimili kwa maili moja na nusu. Sham akaishiwa. Huyo ndiye aliyekuwa wa pili katika mbio nyingine mbili kubwa wiki chache kabla, Kentucky Derby na Preakness, lakini siku hiyo alirudi nyuma hadi akawa wa mwisho kati ya farasi watano. Secretariat akazidi kwenda. Walipokaribia mwisho, joki wake, Ron Turcotte, aligeuza kichwa kuitazama saa ya uwanja, kwa sababu hakukuwa na farasi wa kumtazama. Dakika 2 na sekunde 24. Aliyemfuata alikuwa nyuma kwa urefu wa farasi 31. Zaidi ya miaka 50 imepita na hakuna aliyekimbia Belmont kwa muda huo. Wengi waliombetia hawakwenda hata kudai pesa zao: tiketi 5,617 za ushindi zilibaki mikononi mwa watu, wakaziweka ukumbusho.

Sasa muulize shabiki yeyote habari za farasi huyo. Atakutajia baba yake, Bold Ruler. Mama yake, Somethingroyal. Mmiliki, Penny Chenery. Mkufunzi, Lucien Laurin. Atakwambia kwamba hisa zake za uzazi, yaani haki ya kumtumia kuzalisha, ziliuzwa kwa dola milioni 6.08 kabla hata hajaikimbia Derby. Muulize basi ni nani aliyemwosha, aliyemfunga bendeji miguuni, aliyelala karibu na zizi lake, aliyemshika kamba na kumwongoza mpaka uwanjani. Hapo wengi hunyamaza.

Aliitwa Eddie Sweat. Mtu mweusi wa Holly Hill, South Carolina, mtoto wa wakulima waliolima ardhi ya mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Alianza kazi kwa Laurin akiwa kijana. Farasi Riva Ridge, aliyeshinda Derby na Belmont mwaka 1972, alikuwa mikononi mwake pia. Novemba 1973 Secretariat alipostaafishwa na kupelekwa Claiborne Farm huko Kentucky, ni Sweat aliyepanda naye ndege, akamkabidhi kwa watu wengine, akarudi kazini. Farasi alipokufa Oktoba 1989 alizikwa mwili mzima, heshima ambayo farasi wachache sana wa mbio huipata. Sweat alifariki mwaka 1998, na nje ya mabanda ya farasi ni wachache waliojua.

Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Derby ya kwanza, mwaka 1875, ilikuwa na majoki 15, na 13 kati yao walikuwa weusi. Aliyeshinda ni Oliver Lewis juu ya Aristides, na mkufunzi wa Aristides ni Ansel Williamson, mtu aliyepata kuwa mtumwa. Katika Derby 28 za mwanzo, majoki weusi walishinda 15. Isaac Murphy peke yake alishinda tatu: 1884, 1890 na 1891. Kisha pesa zikaongezeka, joki akawa mtu wa kuandikwa magazetini, na hapo weusi wakaanza kusukumwa nje. Majoki wazungu waliwabana kwenye uzio katikati ya mbio, waliwachapa mijeledi, na wamiliki wakaona heri kutowapa farasi kuliko kuhatarisha farasi wao. Jimmy Winkfield alishinda mwaka 1901 na 1902, na tangu hapo hakuna joki mweusi wa Marekani aliyeshinda Derby tena. Mwaka 1904 alikwenda Urusi, akawa bingwa huko. Mapinduzi yalipoingia, mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa watu waliowatoa Odessa farasi zaidi ya 200, wakawaswaga mpaka Warsaw, njiani wakilazimika kula baadhi yao. Akahamia Ufaransa. Mwaka 1961, mzee wa karibu miaka 80, alialikwa Louisville kwenye karamu ya waandishi wa habari za mbio. Alipofika mlangoni mwa hoteli akaambiwa mtu mweusi haingii kwa mlango wa mbele.

Kati ya mwaka 1921 na 2000 hakuna joki mweusi hata mmoja wa Marekani aliyepanda katika Derby. Waliobaki katika mchezo walibaki mabandani. Kwa hiyo enzi tunayoiita ya dhahabu, enzi ya Man o' War, ya Seabiscuit, ya Secretariat, ni enzi ambayo mikono iliyowalea farasi ilikuwa kwa sehemu kubwa ya watu waliozuiwa kuwapanda. Hilo ndilo linalonifanya nisikubali orodha ya majina iliyokatwa katikati.

MCHANGIAJI, NAKURU

Mkuu, historia uliyoileta ni nzito na sina la kuibishia. Lakini pendekezo lako silikubali. Aliyekimbia ni farasi.

Sweat huyo huyo aliwahudumia farasi wengine kwa mikono ile ile na upendo ule ule, na wengi wao hakuna anayewakumbuka. Tofauti ni damu na mwili. Daktari wa mifugo aliyemfanyia Secretariat uchunguzi baada ya kufa alikadiria moyo wake kuwa na ratili 22, yaani kama kilo 10, zaidi ya maradufu ya moyo wa farasi wa kawaida. Saisi hawezi kutia moyo wa namna hiyo ndani ya farasi. Mchukue Man o' War: alinunuliwa mnadani Saratoga mwaka 1918 kwa dola 5,000 tu, akakimbia mara 21 na kushinda mara 20. Mwaka 1920 alishinda mbio moja kwa karibu urefu wa farasi 100. Alibebeshwa mizigo ya ratili 138 ili wenzake wapate nafasi, na bado hawakuipata. Hiyo ni kazi ya Mungu.

Halafu usiseme masaisi wamesahauliwa wote. Will Harbut, mtu mweusi aliyemtunza Man o' War uzeeni, alikuwa maarufu karibu kama farasi mwenyewe. Watu walisafiri kutoka kila pembe ya Marekani kwenda kumsikiliza akisimulia ushindi wa farasi wake, mbio baada ya mbio, farasi kasimama kando yake. Alipofariki Oktoba 1947, tangazo la kifo katika jarida la farasi lilimtaja Man o' War miongoni mwa wafiwa. Na Sweat mwenyewe amechongwa: Kentucky Horse Park, bustani ya kumbukumbu za farasi, kuna sanamu ya shaba ya Secretariat akiwa na Turcotte mgongoni na Sweat kashika kamba. Unataka nini zaidi ya hapo?

MLETA MADA

Ndugu wa Nakuru, asante kwa hoja za maana. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 2004. Sweat alikuwa kaburini miaka sita.

Na kwa kuwa umemleta Man o' War, tulitazame kaburi lake. Alikufa tarehe 1 Novemba 1947, chini ya mwezi mmoja baada ya Harbut. Alipakwa dawa ya kuhifadhi mwili, akalazwa katika jeneza lililotandikwa kitambaa cha rangi za mmiliki wake, njano na nyeusi, na mazishi yake yakatangazwa redioni. Wakati huo huo Isaac Murphy, aliyefariki mwaka 1896, alikuwa amelala Lexington katika kaburi ambalo hakuna aliyejua liko wapi. Alitokea mtu mmoja akalitafuta kwa miaka mpaka akalipata katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 mifupa ikahamishwa, ikazikwa upya karibu na Man o' War. Leo wote wawili wako Kentucky Horse Park. Nimefurahi kwamba Murphy ana kaburi lenye jina. Lakini nataka ndugu yangu uone kwamba mtu aliyeshinda Derby tatu ilibidi asogezwe kwenye kaburi la farasi ambaye hata hakuikimbia Derby, ndipo wageni wasimame kumsoma.

Kuhusu damu: sisemi Sweat aliutengeneza moyo ule. Lakini kijitabu cha mbio kinaandika jina la mmiliki, ambaye naye hakuutengeneza. Kama kigezo ni nani alimfanya farasi akimbie, basi futa majina yote, libaki la farasi peke yake. Kama kigezo ni nani ana sehemu katika kazi, saisi ana sehemu kubwa kuliko mwenye hundi.

MCHANGIAJI, TANGA

Mimi nawashangaa nyote wawili. Mnabishana jina la nani liandikwe kwenye mchezo wa kamari unaovunja miguu ya wanyama. Someni habari za Ruffian. Julai 1975, uwanja ule ule wa Belmont, farasi jike ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja alivunjika mguu wa mbele katikati ya mbio ya farasi wawili tu, dhidi ya Foolish Pleasure. Alifanyiwa upasuaji usiku, akazinduka akiwa bado anarusha miguu kama yumo mbioni, akaharibu plasta, wakalazimika kumuua. Walimzika hapo hapo uwanjani. Enzi ya dhahabu kwa nani? Viwanja vinafungwa siku hizi, Hollywood Park 2013, Arlington 2021, na mimi sioni cha kulilia.

MLETA MADA

Ndugu wa Tanga, Ruffian ananiuma kama anavyokuuma. Mbio zile hazikupaswa kuwepo. Ziliandaliwa kwa ajili ya televisheni. Na mimi siwezi kukuambia mchezo huu ni safi.

Ila nakuomba ufikirie kitu kimoja. Ndani ya banda, mtu wa kwanza kujua kwamba mguu una shida ni nani? Mmiliki huja siku ya mbio. Mkufunzi mkubwa ana farasi makumi kadhaa. Saisi ana wachache, na anawagusa kila siku. Mtu ambaye jina lake halimo popote ni rahisi kupuuzwa anaposema farasi huyu leo asikimbie. Ukitaka wanyama walindwe, mpe sauti yule aliye karibu nao.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Kaka, nimesoma yote na imebidi niandike. Marehemu baba alikuwa saisi katika banda moja hapa Nairobi. Mtaje yeyote aliyekuwa na farasi katika uwanja wa mbio wa Ngong miaka hiyo, baba alimjua, na yeye alimjua baba kwa jina la kwanza tu.

Hilo la mguu ni kweli tupu. Alfajiri, kabla ya chochote, baba alichuchumaa kando ya farasi, akaweka kiganja chini ya goti na kukishusha polepole mpaka kwenye kwato. Mguu mmoja, kisha wa pili, kisha anarudia wa kwanza. Anatafuta joto. Mguu wenye joto kuliko mwenzake una jambo, hata kama farasi anatembea vizuri. Mara moja alisema farasi fulani asikimbie, akaambiwa yeye ni wa kubeba majani na maji. Farasi alikimbia Jumapili hiyo, akarudi akichechemea, na hakukimbia tena.

Lakini kaka, kuna jambo hamjaligusa hapa. Wazo la kuandikwa jina lingemwogopesha baba. Farasi akipimwa akakutwa na dawa, jina la kwanza kuangukiwa ni la mnyonge. Sasa hivi mkufunzi ndiye anayebeba. Ukimwandika saisi kwenye kijitabu, si utakuwa umempa lawama bila kumwongezea mshahara?

MLETA MADA

Dada yangu au kaka yangu wa Nairobi, pole kwa kumpoteza mzee, na asante. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa humu.

Jibu langu ni hili. Katika nchi nyingi kanuni za mbio zinasema waziwazi kwamba mkufunzi ndiye anayewajibika kwa hali ya farasi wake, awe anajua au hajui kilichotokea bandani. Kanuni hiyo ibaki kama ilivyo, na iandikwe kando kwamba kuchapishwa kwa jina la saisi hakumpi dhima yoyote mpya. Saisi asiyetaka asiandikwe, alazimishwe na nani? Na la mshahara ni kweli kabisa. Joki akishinda hupata sehemu ya zawadi inayojulikana, kwa kawaida asilimia 10 ya fungu la mmiliki. Saisi mara nyingi anategemea moyo wa mkubwa wake. Mimi naamini ni vigumu zaidi kumnyima haki mtu ambaye jina lake limesomwa na uwanja mzima. Uingereza wana zawadi ndogo kwa saisi aliyemtayarisha farasi vizuri kuliko wote kabla ya mbio. Kwa hiyo mlango upo, ni wa kupanuliwa tu.

Marekani leo wengi mabandani ni watu wa Mexico na Guatemala, wanaoingia kwa viza za msimu. Rangi ya watu imebadilika, kijitabu hakijabadilika.

MCHANGIAJI, NAKURU

Bado hujanishawishi kwamba jina kwenye karatasi litaongeza hata shilingi mfukoni mwa mtu. Ningeanza na asilimia ya zawadi iandikwe kwenye kanuni, jina lifuate. Hilo nitaliunga mkono kesho asubuhi.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Lakini humu ndani sisi sote si masaisi. Jumapili ya mbio ijayo nitakwenda Ngong, nyuma kule mabandani si jukwaani, niwaulize wenyewe wanataka kipi kwanza. Nitaleta majibu hapa, ya kukubali na ya kukataa.