Tupeane uzoefu: mabuti ya ngozi ya kiume, jozi moja ya kazini, harusini na safarini

MtotoWaMichenzani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nataka jozi moja tu ya mabuti ya ngozi, yale yanayoishia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Niyavae kazini na suruali ya kitambaa, mwisho wa wiki na jinzi, harusini nikivaa suti, na nikipanda boti kwenda Dar nisibebe viatu vyengine. Madukani kila muuzaji anasifu chake, na video za mtandaoni ni za watu wanaokanyaga theluji. Nataka kusikia kutoka kwa waliovaa hapa hapa Unguja na Pemba, kwenye joto na masika yetu. Mlinunua nini, kiliwafaa wapi, kiliwashinda wapi?

MapokeziMjiMkongwe
Wa alaykum salaam. Nafanya kazi mapokezi hotelini, kutwa nimesimama. Navaa mabuti ya Chelsea, yale yasiyo na kamba, yana lastiki ubavuni, rangi ya kahawia iliyokoza. Kwa Zanzibar mimi sioni mshindani wake. Hebu fikiri kwa siku unavua viatu mara ngapi: msikitini adhuhuri, msikitini alasiri, ukipita kwa mama mkubwa unavua mlangoni, ukimpelekea mtu mzigo wake unavua tena. Mwenye buti refu la kamba sala inakimiwa yeye bado ameinama ngazini. Mimi nakanyaga kisigino, navuta, nimeshaingia.

Kuhusu rangi, nyeusi ni nzuri kwa suti lakini juu ya jinzi inakaa kiaskari, na vumbi letu jeupe la mawe linaonekana juu yake tangu asubuhi. Kahawia iliyokoza inakwenda na jinzi, na suruali ya kijivu, na ya bluu, na harusini hakuna atakayekutazama miguuni. Lakini ukinunua kagua lastiki. Ivute kwa vidole viwili uiachie. Isiporudi pale pale, liache hilo buti, maana baada ya muda litakupwaya na kisigino kitachubuka.

MpembaWaWete
Huko mjini sawa kaka. Huku Pemba masika yakikolea, udongo mwekundu unashika. Nafundisha skuli ya shamba, na pale penye tope zito buti la lastiki hubaki chini, mguu ukatoka na soksi. Nnavaa chukka, buti fupi lenye tundu mbili au tatu za kamba kila upande. Nalilegeza kidogo tu linavuka, nalikaza likashika.

Ila usidanganyike na yale ya swedi, ile ngozi yenye kinyoya. Mabuti hayo yana historia nzuri: Nathan Clark aliyaona kwa maafisa wa jeshi la Uingereza kule Burma, wao waliyashonesha sokoni Cairo, na kampuni ya ukoo wake, Clarks, ikaanza kuyauza mwaka 1950. Wenyewe waliyapa jina la jangwa, na jangwani ndiko mahala pake. Hapa Wete swedi inakunywa tope, na doa la udongo mwekundu halitoki tena. Soli yake ya mpira mbichi nayo ikilowa inateleza vibaya kwenye vigae. Chukua ngozi laini ya kawaida, inayofutika kwa kitambaa, na soli yenye meno.

BabaWawili
Bora mmeigusa soli. Nilikuwa na mabuti mazuri sana, nayatunza kabatini ndani ya boksi lake, hayatoki ila Idd na harusi. Siku ya harusi ya mdogo wangu Chake Chake nashuka garini, soli ya kulia ikabaki chini. Nikaitazama, imemeguka kama biskuti iliyolowa chai. Juu ngozi inang'aa, haina hata mkwaruzo. Niliingia ukumbini na makubadhi ya shemeji. Mpaka leo sijaelewa kiatu kisichovaliwa kinakufaje.

FundiSoli
Baba, hiyo ni soli ya poliyurethani, aina ya plastiki laini. Watu wanaipenda kwa sababu ni nyepesi na ina mto, lakini unyevu wa hewani unaivunja polepole kutoka ndani, na joto linazidisha kasi. Kuiweka kabatini hakuiokoi. Naletewa viatu vya namna hiyo kila msimu wa harusi, na mwenyewe anaapa kwamba alikitunza, na kweli alikitunza. Visiwani unyevu haukosekani hata kiangazi. Kwa hiyo ukiwa dukani uliza soli ya mpira wenyewe, ule mzito kidogo ukiupima mkononi.

Kisha tazama imeshikwa na nini. Gundi peke yake kwa masika yetu ni ya muda. Tafuta mshono unaozunguka ukingoni, lakini uhakikishe. Siku hizi wanachapa mshono wa plastiki wa pambo tu. Pitisha ukucha: uzi wa kweli umekaa kwenye tundu lake na ukucha unapita chini yake kidogo, wa kuchapwa ukucha unateleza juu. Mabuti bora zaidi yana ukanda mwembamba uliozungushwa, ngozi ya juu imeshonwa kwenye ukanda, na soli nayo imeshonwa kwenye ukanda huo huo. Mshono huo unaitwa Goodyear. Soli ikiisha fundi anafumua ya zamani anashona mpya, ngozi ya juu haiguswi. Bei yake imesimama, lakini kwa mtu anayetaka jozi moja ndiyo ninayomshauri.

Ngozi yenyewe ibonyeze kwa kidole gumba. Halisi inatoa vikunyanzi vidogo vidogo vinavyorudi ukiachia. Halafu angalia ukingo uliokatwa pale juu: ukiona kitambaa chini ya rangi, hiyo si ngozi, na jua la hapa litaibambua.

MpandaPikipiki
Mimi sikuchagua mabuti kwa urembo. Ekzosi ya pikipiki ilimuunguza jirani yangu kifundo cha mguu, nikaenda kutafuta mtumba siku hiyo hiyo. Mtumba una kheri yake: kama soli ni ile ya kumeguka, mara nyingi utaziona nyufa pale pale ukilikunja. Tatizo langu ni gia. Inakula ngozi juu ya vidole, buti la kushoto tu, la kulia zima. Fundi alinibandikia kipande cha ngozi, kinafanya kazi. Wenye Vespa gia zao ziko mkononi, hawalijui hili.

MtotoWaMichenzani
Allah awalipe. Mawili bado: ukungu, na je, nikishatia udhu nikavaa mabuti haya, naweza kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu?

MapokeziMjiMkongwe
Kwa Mashafii masharti yanajulikana: uwe umeyavaa ukiwa na udhu kamili, yafunike vifundo vyote viwili, yaweze kutembewa na yasipitishe maji. Mkaazi ana siku moja usiku na mchana, msafiri siku tatu. Lakini ukiyavua baada ya kupangusa, kupangusa kumebatilika. Na mlangoni mwa msikiti utavua tu, kwa hiyo faida yake utaiona zaidi ukiwa safarini. Muulize shekhe wako kuhusu buti lako hasa, maana mengine yanakata chini ya kifundo.

FundiSoli
Ukungu: siki na maji nusu kwa nusu, futa kwa kitambaa, kausha kivulini penye upepo. Usianike juani, ngozi itapasuka pale inapojikunja. Likilowa tia magazeti ndani, badilisha yakishiba maji. Usilifungie kwenye mfuko wa nailoni. Maji ya chumvi yakilipata kwenye boti, futa siku hiyo hiyo kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kabla ya kiwi, yasije yakaacha ile mistari myeupe. Na kwa kuwa ni jozi moja, ukiwa nyumbani vaa ndara, lipate kukauka jasho.

MpembaWaWete
Na dukani nenda jioni, mguu umeshavimba kwa joto, na soksi utakazovaa kweli. Kisigino kikiinuka kidogo tu mwanzo, ngozi ikizoea mguu itatulia. Vidole vikigusa mbele, omba saizi nyengine hata muuzaji aape kwamba litatanuka.