Naomba ushauri: Kombi T2 ya 1978 au T3 ya 1984?

Wakuu, habari za leo. Niko Hamburg, natafuta kombi ya kulala ndani, na nimebakiwa na mbili, zote Volkswagen zilizowekwa vitanda na jiko na kampuni ya Westfalia: T2 ni kizazi cha pili cha kombi hiyo, T3 cha tatu. T2 ya 1978 ina injini ya lita 2.0 inayopozwa kwa hewa: haina rejeta, haina maji ya kuchemka. T3 ya 1984 ni lita 1.9 inayopozwa kwa maji. Injini iko nyuma, rejeta mbele, mabomba yanapita chini ya gari zima. Gasketi za silinda hedi ndizo zinazonitisha. Mke wangu anataka T2, eti ina sura nzuri! Mimi si fundi. Kutu nianze kukagua wapi, na ipi itapanda milima ya Alps na watu 4 bila kunilaza njiani?