Mrejesho: ile sura ya Bibi Titi niliyovutana na mhariri

Wakuu, wiki iliyopita niliwauliza nifanyeje, mhariri kaandika kwenye sura yangu ya kitabu kuhusu Bibi Titi Mohamed, yule mpigania uhuru wa Tanganyika, kwamba "alipanga kupindua serikali", kavu kavu bila chanzo, halafu maneno ya bibi yangu wa Temeke kayafuta eti stori za barazani.

Mlioniambia niende Maktaba Kuu asanteni sana, na ipo kwenye barabara yenye jina la Bibi Titi mwenyewe, hapa Dar. Nimekaa siku mbili na magazeti ya zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai, ukifunua haraka kona inabaki mkononi. Sasa inasomeka hivi: alishtakiwa kwa uhaini 1970, akakana, akafungwa maisha, akaachiwa kwa msamaha 1972. Hukumu iandikwe kama hukumu, kuandika kama vile ulikuwepo kwenye kikao hapo sikubali kabisa.

Ila mwaka wa kuachiwa bibi yangu alichanganya, mhariri alikuwa sahihi, nimerekebisha. Maneno yake mengine yamerudi, tumeandika wazi ni kumbukumbu yake. Picha moja hatujui nani kapiga, hiyo tumeitoa.