Naomba ushauri: nimeambiwa nizibe mapengo katika chati ya mgonjwa siku nne baada ya zamu yangu

Zamu ya Usiku
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, mwaka wangu wa tatu kazini, katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya wilaya hapa Tanzania. Usiku mmoja wiki hii nilikuwa zamu na mhudumu mmoja tu, tukiwa na wagonjwa 31, akiwemo mama mwenye kifafa cha mimba aliyekuwa akipewa salfeti ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege. Mama alipona na ameruhusiwa, lakini ndugu zake wamelalamika kwamba hakuangaliwa ipasavyo, na faili lake linatakiwa kwa mganga mfawidhi.

Chati ina vipimo vya saa 4 usiku na vya saa 12 asubuhi. Katikati hamna kitu. Ukweli ni kwamba saa 6 na saa 8 nilimpima, nikaandika namba kwenye kipande cha plasta nilichokibandika kwenye sare, kikapotelea kwenye kufua. Saa 10 alfajiri sikumpima kabisa, kwani nilikuwa nampokea mtoto wa mama mwingine. Msimamizi wa wodi anataka nizibe mapengo yote kabla faili halijaondoka. Nifanyeje?

Kalamu Mbili
Pole sana, dada. Tusidanganyane, wodi nyingi hufanya hivyo, na mimi nimewahi kufanya. Andika namba zinazofanana na za saa 4, mambo yaishe.

Mkunga wa Zamani
Mwanangu, usijaze. Nimeona partografu, yaani chati za kufuatilia uchungu wa kujifungua, zilizochorwa mtoto akiwa amekwisha kulia: mapigo ya moyo 140 kila nusu saa, bila kupanda wala kushuka, na njia ikifunguka sentimita moja kila saa kana kwamba mama yule alikuwa akisoma kitabu. Anayezijua kazi hizi hutambua mara moja, na kuanzia hapo haamini hata yale uliyoyafanya kweli.

Tena fikiria chati hiyo ni ya nini. Kabla ya kila dozi ya magnesiamu tunahakikisha kwamba mgonjwa anapumua angalau mara 16 kwa dakika, anatoa mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa, na goti linaruka likigongwa, kwa sababu dawa ikizidi mwilini inaweza kusimamisha pumzi. Wa zamu ya asubuhi akikuta nafasi tupu, hana msingi wa kuamua kumchoma au kumsubirisha.

Mtunza Kumbukumbu
Nakubaliana na mama mkunga. Kuna jambo ambalo wauguzi hulisahau: faili likishalalamikiwa, huenda nakala yake imekwisha kutolewa, na namba mpya zitakazoonekana baadaye zitageuza malalamiko ya uzembe kuwa tuhuma za kughushi, ambako ni kosa la jinai. Hospitali zinazotumia mfumo wa kompyuta huhifadhi saa halisi ya kuingiza taarifa, hata ukiandika saa nyingine. Vilevile usilipige picha faili hilo kwa simu yako ili ujilinde. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mkufunzi wa Uuguzi
Wanafunzi wangu wanajua hatua zote za kuandika: usitumie rangi ya kufutia, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, weka tarehe, saa na sahihi. Wakifika wodini wanakuta fomu zimekwisha na chati zimefungiwa mezani mwa muuguzi, mbali na kitanda, kwa hiyo plasta kwenye sare inakuwa ndiyo chati. Dada, umeeleza kwamba mlikuwa wawili kwa wagonjwa 31. Je, hilo limo katika daftari la makabidhiano ya usiku ule? Kama limo, litaje katika maelezo yako. Muuguzi asiyeandika idadi ya wagonjwa wake hubeba peke yake lawama ya uhaba ambao hakuusababisha.

Zamu ya Usiku
Nawashukuru. Limo, nililiandika asubuhi ile. Nimeamua kutozijaza zile nafasi, ila sijui niandike nini kuhusu vipimo vya saa 6 na saa 8, maana namba zenyewe sizikumbuki.

Mkunga wa Zamani
Mwambie kwanza msimamizi, na akisisitiza mfuate muuguzi mkuu wa hospitali. Kisha andika chini ya maandishi ya mwisho, kwa tarehe na saa ya leo: "Maelezo yaliyochelewa. Usiku wa zamu yangu nilimpima mgonjwa saa 6 na saa 8. Namba niliziandika pembeni na zimepotea, kwa hiyo siziweki. Saa 10 hakupimwa. Nilikuwa nazalisha mama mwingine." Usisahau jina, cheo na sahihi. Neno "samahani" usiliweke humo. Hilo utawaambia ndugu kwa mdomo, ukiitwa.